Mikarafuu ya Pak Tahir

Dengfeng, Guangzhou
Alhamisi, baada ya shule

Mwanangu Salum,

Nimeliandika neno hilo nikalifuta, kisha nikaliandika tena. Wewe una miaka ishirini na ndevu, mimi nina kumi na saba na begi la shule. Lakini mama yako ni dada yangu, tumezaliwa na baba mmoja, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo na hakuna aliyelitunga hilo. Juzi wewe mwenyewe ndiye uliyelikumbuka, pale mgahawani, ulipoinuka kitini ukaja kunipigia goti mbele za watu.

"Mama mdogo, nipe radhi. Simu ya Pemba haishiki wiki nzima, na mimi Ijumaa naondoka. Mama niliye naye hapa ni wewe."

"Huyu ndiye mama?" akasema yule Mkenya muuza viatu. "Mama gani anakunywa soda kwa mrija?"

"Mwache wewe. Huyu akikasirika pepo yangu inaota mbawa."

Watu walicheka sana. Mimi niliinamisha uso nikaendelea kuvuta soda iliyokwisha. Lakini nilikutazama kidogo, nikaona kwamba wewe huchezi. Nikakwambia nitakupa siku ya safari. Ulidhani naona haya. Ni kweli naona haya, siku zote naona haya, hata darasani nikijua jibu siinui mkono. Lakini juzi haikuwa haya. Ilikuwa hofu.

Kesho asubuhi unapanda treni ya Hong Kong, na kutoka huko ndege ya Jakarta. Sitakwambia uvae nini wala ule nini, hayo unayajua kuliko mimi. Nina jambo moja tu. Nisipoliandika leo utafika kisiwa cha Sulawesi umdhuru mtu ambaye hakutukosea, au watu wake wakudhuru wewe, na lolote kati ya hayo mawili litakuwa juu yangu.

Hadithi unayoijua wewe ni ile anayoisimulia Babu yako kila akiulizwa kwa nini tuko China. Kwamba alikuwa akiuza vitambaa Jakarta, akasikia habari za vijiji vya mikarafuu milimani Sulawesi, akaenda kuvitazama. Kwamba alikuta karafuu haina bei na wenyewe wameichoka. Kwamba alinunua mikarafuu ya mtu mmoja aitwaye Tahir, Pak Tahir kama wasemavyo kule kumheshimu mtu mzima, akaipalilia miaka miwili kama mtoto. Halafu pesa ya nchi ile ikaanguka, bei ya karafuu ikapaa, na Tahir akaja na watu wake akaichukua miti, akamtupia Babu fungu la noti zisizonunua kitu. Hadithi hiyo kila mara huishia kwenye neno mwizi.

Yote ni kweli isipokuwa mambo mawili. Babu yako hakuinunua ile miti. Na Pak Tahir si mwizi. Mtu aliyejua hivyo tangu siku ya kwanza ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne tulipokipanda kile kilima. Mama yangu alikwisha kuachika, yuko Unguja, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na Baba, huyo Babu yako. Yeye lugha ya kule aliijua ya sokoni, ya bei na mita. Mimi nilikuwa nimesoma shule Jakarta miaka mitatu, nikaisoma mpaka kwenye vitabu. Kila alipokwenda kuzungumza na mtu nilikaa kando yake. Yeye akisema kwa Kiswahili, mimi nasema kwa lugha yao. Mtu mwenye haya kama mimi hupenda kazi hiyo, kwa sababu maneno si yako.

Kitu cha kwanza tulichokiona kijijini kilikuwa visiki. Baba alisimama juu ya kimoja, bado kinanukia.

"Zuwena, kwetu mtu akikata mkarafuu anafikishwa mahakamani," aliniambia. "Hawa wanapikia wali."

Nadhani pale pale aliamua kukaa. Alitembea kwenye mashamba akigusa majani, akiwaonesha watu kwa mikono namna ya kupalilia bila kuumiza mizizi. Wakamcheka, halafu wakamfuata. Walianika karafuu kwenye majamvi kando ya barabara, na wanawake walikaa wakitenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, kama wanavyokaa kina bibi zako Wete, kwetu Pemba. Baba alikuwa akisema, "Funga macho, unuse, uniambie tuko wapi."

Nami nilipapenda kwa sababu yangu. Mwalimu wa shule ya pale alikuwa na kabati la vitabu, akaniambia nichukue chochote, nirudishe nikimaliza. Tulipangiwa nyumba ya mbao yenye meza dirishani. Jakarta tulikaa chumba kimoja juu ya duka la betri, na usiku nilisoma nimefunika taa kwa kanga ili Baba alale. Mwanangu, nakuandikia habari ya meza si kwa sababu ni kubwa. Ni kwa sababu ni ndogo, na ni kwa kitu kidogo hicho nilituuza.

Mwezi mmoja kabla ya Pak Tahir, mtu wa kijiji cha pili alitaka kumpa Baba mikarafuu kwa rehani. Kwao kule ni kawaida: unampa mtu pesa, yeye anakupa miti, unakula tunda mpaka siku atakayokurudishia pesa zako zilezile, nawe unamrudishia miti yake. Baba alikataa papo hapo. "Sipalilii mali ya mtu," alisema. "Nitakuza mimi, aje avune yeye?" Asubuhi ya siku ya Pak Tahir, akiwa anafunga saruni, aliniambia tusipopata miti ya kununua wiki hii tunarudi Jakarta. Aliyasema bila kunitazama, kama anasema mvua itanyesha.

Tulikaa barazani kwa Pak Tahir, juu ya mkeka. Walikuwapo wanaume tisa, majirani na karani wa kijiji aliyekuja kuandika mkataba. Wote walinitazama mdomo. Pak Tahir alisema ardhi inabaki yake, miti Baba aichukue.

Mfanyabiashara mwingine yeyote angeshtuka hapo. Miti bila ardhi? Itakwenda wapi? Lakini Baba alitabasamu. Unajua kwetu ilivyo: ardhi ina mwenyewe na mkarafuu una mwenyewe, na mtu hufa akarithisha wanawe miti iliyosimama kwenye kiwanja cha jirani. "Mwambie tumefahamiana," akasema. "Hawa ni watu kama sisi." Hilo ndilo lililomponza, Salum. Kama wangekuwa hawafanani nasi angeuliza maswali.

Ndipo Pak Tahir akanigeukia mimi. Ana sauti ya taratibu. "Mwambie baba yako nina mtoto anataka kusoma, ndiyo maana nahitaji pesa. Nikizipata nitamrudishia kama zilivyo, naye atanirudishia miti yangu. Mpaka siku hiyo tunda ni lake, halali yake."

Nilifahamu kila neno. Nataka ulijue hilo usije ukanitafutia udhuru. Sikukosea kusikia wala kutafsiri.

"Anasemaje?" Baba akauliza.

"Anasema ana mtoto anataka kusoma," nikasema. "Na tunda ni lako, halali yako."

"Allah ambariki mtoto wake," akasema Baba, akainuka akamkumbatia.

Pak Tahir, mkono wa Baba ukiwa bado begani mwake, aliniuliza, "Umemwambia yote?"

Nikasema nimemwambia yote.

Nilijipa moyo kwamba nitalisema nyumbani. Nyumbani Baba alichinja kuku. Nikasema kesho. Kesho yake alikuwa mtini tangu alfajiri, akiimba. Nikasema baada ya mavuno. Sikujua wakati ule kwamba jambo kama hilo halikai mahali pamoja likikungoja. Kila siku linasogea mbali kidogo, na wewe bado unadhani utalifikia kwa hatua moja. Miaka miwili nilisoma vitabu vyote vya kabati lile. Kila hodi ilipopigwa nilidhani ni Pak Tahir na pesa zake.

Siku iliyopigwa kweli, Pak Tahir alikuja na mwanawe na pesa zimefungwa kwenye saruni safi. Hesabu ilikuwa ileile, hakupunguza noti moja. Kosa halikuwa lake kwamba pesa zenyewe zilikuwa zimekufa. Mara hii nilitafsiri yote.

"Rehani?" Baba alisema. "Nani alizungumza habari ya rehani? Muulize lini!"

Nikamuuliza. Nilimuuliza nikitazama chini. Pak Tahir alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Aliona. Nakuapia aliona kila kitu. Angesema neno moja tu, muulize binti yako, na mashahidi wake tisa wote wako hai. Badala yake alisema, "Mwambie baba yako, labda siku ile mimi sikusema vizuri."

Nikamwambia Baba hivyo.

Ijumaa yake Baba alisimama mbele ya msikiti wao, watu wakivaa viatu, akamwita mwizi kwa lugha yao, neno alilolijua vizuri. Pak Tahir alimaliza kuvaa ndara zake akaenda zake. Wiki iliyofuata tukashuka kilima. Mijini maduka yalikuwa yakichomwa, wageni wanakimbia, na rafiki zake Baba wakamwambia biashara imehamia Guangzhou.

Sasa unaelewa kwa nini nilitoka mezani Jumapili. Ulikuwa unamwonesha Babu mipango yako. Rafiki yake wa Jakarta amekutafutia vijana wawili wa bandarini, wenye vifua. Utapanda kilimani nao, utamwonesha Tahir karatasi ya mkataba, na atatoa miti au atatoa dola. Babu alikuuliza kama utampiga.

"Simpigi, Babu. Nitasimama tu, na wale nao watasimama. Mtu mzima akisimamiwa na watatu nyumbani kwake anaelewa."

Babu aliinuka. Aliingia ndani akatoa ile karatasi akakupa.

Salum, hiyo karatasi uliyoishona ndani ya koti inasema rehani. Karani aliiandika wazi, mstari wa tatu. Wewe huwezi kuisoma na Babu hawezi kuisoma, mimi naweza. Ukimwonesha mtu yeyote kule, iwe polisi iwe imamu, umejihukumu mwenyewe. Na wale ni watu waliokwisha kuvumilia mengi mwaka jana. Mgeni aliyekuja na wahuni kudai mali isiyokuwa yake, kwenye baraza ileile ambako mashahidi tisa wanajua ukweli, sidhani atashuka salama.

Nasikia marobota yanaburutwa ngazini. Baba amerudi kutoka soko la nguo la Shahe. Naiacha kalamu hapa. Nilikuwa nimepanga barua hii uisome wewe peke yako njiani, na Babu asijue. Sasa nikiitazama naona nafanya lilelile, nakwambia wewe nusu na yeye nusu.

*

Nimemwambia.

Alikuwa amepiga magoti akifunga robota la suruali, kamba ikiwa kati ya meno. Nilisimama mlangoni na barua hii mkononi, nikaona nikimpa asome nitakuwa nimejificha tena. Nikasema kwa mdomo.

"Baba, Pak Tahir alisema siku ileile. Alisema ni rehani. Mimi ndiye sikukwambia."

Aliitoa kamba mdomoni. "Alisema mbele ya nani?"

"Wote. Wale tisa."

"Na wewe ulisikia."

"Nilisikia. Akaniuliza kama nimekwambia, nikasema nimekwambia."

Nilidhani atapiga kelele. Ningependa apige kelele. Alikaa juu ya robota akaitazama mikono yake. Chini muuza simu alikuwa akibishana na mtu, na sisi tukawasikiliza kana kwamba lilikuwa jambo letu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilitaka tukae. Nilijua ukisikia rehani utakataa."

"Ningekataa," akasema. Kisha, "Ungesema unataka kukaa."

"Ungekubali?"

"Sijui. Hukuniuliza, sasa sitajua." Akainuka. "Nimemwita mtu mwizi mbele ya nyumba ya Mungu, naye alikuwa akimsitiri mtoto wangu. Vaa viatu."

Tulishuka pamoja mpaka kwenye vibanda vya simu. Mwenye kibanda, yule mama tunayemwita laoban, yaani bosi kwa Kichina, akaonesha vidole vya bei, Baba akampa bila kubishana, mpaka laoban mwenyewe akamtazama mara mbili. Baba alimpata rafiki yake wa Jakarta. Nilisimama kando nikasikia upande mmoja tu.

"Wale vijana waambie kazi hakuna… Hapana, hajafa mtu… Hapana, sikuogopa. Mimi ndiye niliyekuwa na makosa… Ndiyo, mimi. Sema kama ulivyosikia."

Tukarudi nyumbani. Ngazini alisema safari yako ipo palepale, ila imebadilika. Utapanda kile kilima peke yako, mchana, ukamwombe radhi Pak Tahir kwa niaba yetu, barazani kwake, na umwombe awaite wale tisa. Hiyo karatasi utampa mkononi, aichane au aiweke, ni yake. Mtaji ulio nao usinunue nao ardhi wala miti. Pak Tahir akipenda kukuuzia karafuu kavu, nunua kwa bei atakayosema yeye. Asipopenda, rudi na pesa. Hayo ni maneno ya Babu yako, nimeyaandika yote kama alivyoyasema, hata neno moja sikuliacha.

La kwangu ni fupi. Ulisema unataka radhi ya mama. Kwa safari ya wale vijana wawili hukuwa nayo, na ndiyo maana sikuweza kukujibu juzi. Kwa safari hii unayo yote, mwanangu, na ya mama yako mzazi naichukua dhamana mimi, kwa sababu namjua dada yangu. Ukinikasirikia, kasirika, una haki, umeshona koti zima kwa ajili ya uongo wangu. Lakini kasirika ukiwa unakwenda.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, kwa lugha ya kule. Ni ya kusomwa barazani kwa sauti. Mwanawe Pak Tahir aliyesoma ataisoma. Nimeiandika sasa hivi, Baba amekaa mbele yangu, nami namtafsiria kila mstari ili ajue kilichomo. Inasema nilichofanya, bila kupunguza. Nilipofika mwisho nilimuuliza tutie sahihi ya nani.

"Ya aliyekosa," akasema.

Nikaandika jina langu, nikamsogezea aone. Alilisoma. Halafu akachukua kalamu, akatafuta nafasi juu ya jina langu, akaandika lake kwanza, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi, akanirudishia karatasi niikunje.

Mama yako mdogo,
Zuwena